Twiga wa Upande Mmoja

Mia moja na kumi na mbili. Nambari hiyo ilipotangazwa, ofisi nzima ya utafiti iliibeba juujuu kama bwana harusi. Twiga mia moja na kumi na wawili, katika hifadhi ambayo miaka kumi nyuma ilikuwa nao hamsini kasoro! Mkurugenzi aliitaja redioni mara mbili ndani ya wiki moja. Ikachorwa kwenye bango la getini, ikachapwa kwenye kalenda, na ikaandikwa kwa wino wa dhahabu kwenye cheti alichopewa mwanamke aliyewahesabu. Huyo wafanyakazi wote walimwita Mama Madoa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuyasoma madoa ya twiga na kumjua kila mmoja alivyo.

Hakuna twiga wawili wenye madoa sawa. Hilo Mama Madoa alikuwa amewaeleza wageni kwa miaka kumi na tisa, tena kwa ukali kidogo, maana wageni wengi walidhani twiga ni twiga tu. Kila twiga alikuwa na kadi yake kwenye kabati la chuma lenye droo tatu, picha imebandikwa juu, na chini yake maelezo kwa mwandiko uliosimama wima: jike, mzima, doa la shingoni lina pembe tano. Funguo za kabati alizifunga kiunoni kwa kamba, na aliyetaka kuliona kabati alianza kwa kumwona yeye.

Cheti kilining'inia ukutani juu ya meza yake, na pembeni yake picha mbili za siku ile ya sherehe. Katika ya kwanza Mkurugenzi anamkabidhi cheti, na kwa kuwa mpiga picha alisimama upande wake wa kushoto, inaonekana waziwazi chunjua ya shavuni mwa Mkurugenzi, kubwa kama punje ya hindi. Katika ya pili mpiga picha amezunguka, Mkurugenzi anampa mkono, na shavu lake la kulia halina hata chunusi. Mama Madoa alizipenda picha hizo. Tuseme ukweli, alijipenda mwenyewe ndani yake.

Jumatatu daktari wa wanyama, binti mmoja mchangamfu aliyependa utani kuliko chai, alikuja kuchagua twiga wa kuhamishwa. Arobaini walikuwa wakamatwe Alhamisi, wapakiwe kwenye malori marefu, na wapelekwe kwenye hifadhi mbili ambako twiga walikuwa wamekwisha kabisa. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi: kwenye mia moja na kumi na wawili ukitoa arobaini, wanabaki sabini na wawili, na hakuna anayeumia. Wakatandaza kadi mezani, daktari akawa anachambua kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Huyu mzee, abaki. Huyu ana mimba, abaki. Huyu wa mkia mfupi naye tumwache, asije akaaibika ugenini." Akachukua kadi nyingine. "Na huyu mwingine wa mkia mfupi."

"Mwingine yupi?" akauliza Mama Madoa.

"Huyu hapa. Wote wawili majike, wote mikia imekatika palepale juu ya kishungi, yote imepinda kidogo." Daktari akacheka. "Mama, simba wenu wa huku wanakata kwa rula?"

Mama Madoa hakucheka. Alizichukua kadi zile mbili, akazishika moja huku, nyingine huku. Moja ilitoka droo ya kati, namba ishirini na tatu. Nyingine ilitoka droo ya chini, namba tisa.

Hapa lazima tulieleze kabati. Madoa ya twiga upande wa kushoto hayafanani na ya upande wa kulia, hata kwa twiga yuleyule. Ukimpiga picha kushoto tu, kulia kwake hukujui. Ndiyo maana droo ya juu ilikuwa ya waliopigwa picha pande zote mbili, nao walikuwa kumi na tisa. Droo ya kati ilikuwa ya waliopigwa kushoto tu, arobaini na wanane, na ya chini ya waliopigwa kulia tu, arobaini na watano. Miaka yote Mama Madoa alikaa porini wiki tatu, akimsubiri kila mnyama ageuke kwa wakati wake, na waliokataa kugeuka aliwahesabu kwa upande mmoja tu, wa kushoto. Droo ya chini haikuingia kwenye jumla hata siku moja. Mwaka huu alipewa siku nane. Siku ya mwisho, macho yamemwiva na Mkurugenzi amesimama mlangoni akiuliza, "Tumefika wangapi? Tumefika wangapi?", alijumlisha droo zote tatu.

Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na aliyelifanya ni mwalimu wa wanafunzi wote. Tena si kwamba hakusikia kitu. Siku ile kuna kitu kilimgusa bega alipokuwa akiandika jumla, akakipuuza, kwa sababu nambari ilikuwa tamu.

"Mama, unaumwa?" daktari akauliza.

"Siumwi. Ziache kadi hapohapo zilipo, binti yangu. Usichague mwingine mpaka nirudi."

Kesho yake asubuhi alimpata dereva. Dereva huyo walimwita Kobe, kwa mwendo wake wa gari na kwa uchache wa maneno yake, na Mama Madoa alikuwa amekaa naye gari moja muda mrefu kuliko alivyokaa na ndugu zake wengi. Walimkuta jike la mkia mfupi si mbali na barabara ya kaskazini, amesimama peke yake kwenye migunga, ubavu wa kulia ameuelekeza kwao. Ubavu huo Mama Madoa aliutambua mara moja: namba tisa wa droo ya chini, doa la shingoni kama jani lililochanika.

"Tumzunguke?" Kobe akauliza.

"Amri ni kutotoka barabarani. Tutasubiri ageuke."

"Na asipogeuka?"

"Kwani una harusi ya kuwahi?"

Kobe akazima gari. Wakasubiri. Twiga akala. Jua likapanda, kiti cha gari kikawa moto, Kobe akala muhogo wake wa kuchemsha wote na nusu ya wa Mama Madoa. Twiga akala. Saa ya tatu ya kusubiri, Mama Madoa alianza kumsema kwa sauti, kama anavyosemwa mtoto mkaidi: hebu geuka basi, wewe nawe, huo mti mmoja una nini? Twiga alimtazama kwa dharau ya kope zake ndefu, akaendelea kutafuna. Ilipotimu saa ya nne majani ya upande ule yaliisha, naye taratibu, bila haraka ya mtu yeyote, akageuka.

Mama Madoa hakuhitaji kutoa kadi. Begani pale kushoto palikuwa na doa kama kiganja chenye vidole vitatu. Hata hivyo aliitoa kadi namba ishirini na tatu, akaishika mbele ya dirisha.

Kobe akainama kutazama. "Kumbe ni yuleyule."

"Ni yuleyule," akasema Mama Madoa. "Na mimi nimemwandika mara mbili."

Mpaka jioni walikuwa wamewapata wengine watatu wa namna hiyo. Kadi nane, twiga wanne. Njiani kurudi aliipiga hesabu upya kama alivyotakiwa kuipiga tangu mwanzo. Kwa upande wa kushoto peke yake, kumi na tisa na arobaini na wanane, ni sitini na saba. Kwa upande wa kulia peke yake ni sitini na wanne. Pande mbili zilikuwa zinamwambia jambo moja, na hazikuwa zinasema mia moja na kumi na mbili. Kilichomkausha mate ni hiki: twiga wa kwenye karatasi hapakiwi kwenye lori. Alhamisi wangekamatwa arobaini wa kweli, wenye miguu na pumzi. Sitini na saba ukitoa arobaini, wanabaki ishirini na saba. Wakipata ukame mmoja na ugonjwa mmoja, kabati lote lile litakuwa makaburi ya picha.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana yake. Alimkuta anakata mashati ya sare za shule, vipande vya kitambaa cha bluu vimejaa hadi juu ya kochi. Akasogeza vipande, akakaa, akamweleza yote bila kupumzika.

Fundi alisikiliza, mkasi mkononi. Halafu akacheka. "Yaani ni kama mimi nihesabu vipande vya mbele, cha kushoto na cha kulia, niseme nimeshona mashati mawili!"

"Ndiyo hilo, Fundi. Hasa hilo."

Akaiona sura ya mkewe, kicheko kikamkauka. Akaweka mkasi mezani. "Nani mwingine anajua?"

"Kobe."

"Kobe hasemi."

Wakatazamana. Mama Madoa akaelewa, na damu ikamchemka. "Unaniambia nifunge mdomo?"

"Sijasema hivyo, mama watoto. Nakuuliza tu. Jina lako lipo kwenye kile cheti. Watu wa pale wakianza kukucheka, watakucheka mpaka siku ya kustaafu. Watasema Mama Madoa hajui kushoto na kulia."

"Si ni kweli? Sikujua!"

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa aibu, aibu tupu, ya mtu aliyejivunia jambo mbele ya watoto wake na majirani na sasa linambomokea mikononi. Alilia kidogo tu, akapenga kamasi kwa kipande cha shati la bluu, na alipoinua kichwa aibu ilikuwa bado ipo lakini hasira ilikuwa imekaa mbele yake.

"Wacheke," akasema. "Kicheko hakijawahi kuua twiga."

Fundi alinyanyuka, akatafuta gauni la mkewe la kijani, lile la sherehe ya cheti, akalipiga pasi polepole mpaka kwenye mishono ya ndani isiyoonekana na mtu.

Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa ofisini kwa Mkurugenzi. Alimweleza kwa maneno machache na kumwekea kadi nane mezani, mbilimbili. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya sana. Tatizo lake ni kwamba alipenda kupigiwa makofi, na makofi ya mia moja na kumi na mbili bado yalikuwa yanamlia masikioni. Alizitazama kadi bila kuzigusa.

"Malori saba yako getini," akasema. "Kamati ya vibali inakuja kesho. Sasa unataka niwaambie nini?"

"Waambie ni sitini na saba."

"Tutarekebisha kwenye ripoti ya mwakani. Kimyakimya. Hata wewe hutapata fedheha."

"Mwakani nitamrekebisha nani? Watakuwa wameshaondoka."

"Mama Madoa." Sauti ikashuka, ikawa ya kubembeleza, ile ya kumpaka mtu mafuta. "Hili ni kosa lako. Si langu. Umelisaini wewe."

"Ndiyo, langu. Ndiyo maana nimekuja kulichukua."

Akaacha kubembeleza. Alimwambia Alhamisi asije kazini, amepewa mapumziko, na kwamba fomu ya kibali cha kuhamisha twiga itasainiwa na karani kwa niaba yake. Mama Madoa alijua fomu hiyo ilivyo. Ilitaka sahihi tatu, na zote zitiwe siku ya kukamata: aliyehesabu, daktari na mwenyekiti wa kamati. Akazikusanya kadi zake, akatengeneza kamba ya funguo kiunoni.

"Karani hajawahi kumhesabu hata mbuzi," akasema, na kutoka.

Alhamisi alifika na gauni la kijani. Mlinzi wa getini alikuwa ameambiwa asimruhusu, lakini Kobe alikuwa anaingia na gari wakati huohuo, kwa mwendo wake ule wa kobe, na sijui ilikuwaje gari likazimika katikati ya geti na kukataa kabisa kuwaka. Mlinzi akaja kusukuma. Mama Madoa akapita upande wa pili. Kabla ya kwenda ukumbini alipitia mezani kwake, akachukua vitu viwili ukutani.

Ukumbini walikuwepo wajumbe saba wa kamati, daktari na kasha lake la sindano za usingizi, karani akiwa na kalamu mkononi na jasho usoni, na Mkurugenzi amesimama mbele ya ubao ambao nambari ilikuwa imeandikwa kwa chaki kubwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mnene wa sauti ndogo, hakimu mstaafu. Fomu ilikuwa mbele yake.

"Mimi ndiye niliyewahesabu hao twiga," Mama Madoa akasema toka mlangoni. "Naona nafasi yangu ina mtu."

"Huyu amepumzishwa," Mkurugenzi akawahi. "Hayuko sawa."

"Niko sawa kuliko nilivyokuwa siku ile nikijumlisha." Alitembea hadi mbele. "Waheshimiwa, nimefanya kosa. Nambari ile ubaoni ni yangu, na si ya kweli. Nimewahesabu twiga upande wa kushoto, nikawahesabu tena upande wa kulia, nikawajumlisha kama ni wanyama tofauti."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akasema haelewi, twiga ana pande ngapi? Mkurugenzi akasema hayo ni mambo ya kitaalamu, muda unakwenda.

"Si ya kitaalamu hata kidogo," akasema Mama Madoa, na kuinua picha mbili za sherehe, moja kila mkono. "Tazameni. Huyu wa huku ana chunjua shavuni. Nimempa kadi: Mkurugenzi wa Kushoto, namba moja. Huyu wa huku hana chunjua, shavu safi kabisa. Basi si yule. Nimempa kadi yake: Mkurugenzi wa Kulia, namba mbili. Kwa hesabu niliyoisaini mimi, ofisi hii ina wakurugenzi wawili." Akamgeukia daktari. "Binti yangu, mchome sindano mmoja, mpakie kwenye lori. Tutabaki na mwingine."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wajumbe walicheka wakishika mbavu, daktari aliinamia kasha lake mabega yakimruka, na karani, maskini, alicheka kisha akakumbuka alipo. Mkurugenzi alipeleka mkono shavuni bila kujua, akaifunika ile chunjua, na hapo wakacheka upya.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alingoja watulie. "Wa kweli ni wangapi?"

"Kwa upande mmoja, sitini na saba. Nipeni wiki tatu na ruhusa ya kusubiri wageuke, nitawaletea jibu kamili. Lakini mkitoa arobaini leo, sitakuwa na cha kuhesabu."

"Na kosa unakubali ni lako?"

"Langu peke yangu. Liandikeni kwa jina langu."

Daktari alifunga kasha lake, vibano vikalia kimoja baada ya kingine. "Mimi sipigi sindano twiga wa karatasi," akasema. Mwenyekiti akarudisha kifuniko cha kalamu yake, akaikunja fomu isiyosainiwa mara mbili, akaitia kwenye mkoba. Saa tano malori saba yaligeuza getini yakiwa matupu, yakimpita Kobe, ambaye gari lake sasa liliwaka bila taabu yoyote.

Barua ilimfikia Mama Madoa mezani kwake kabla ya chakula cha mchana. Karani aliileta kwa mikono miwili, hamtazami usoni. "Samahani, mama. Mkurugenzi kaniambia nisiondoke bila sahihi yako ya kupokea."

Aliisoma akiwa amesimama. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kuanzia siku ile amesimamishwa kazi, kwa sababu amekataa kuthibitisha hesabu ya twiga mia moja na kumi na wawili. Akaisoma tena. Kisha, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, akaigeuza kuangalia upande wa pili. Ulikuwa mweupe.

Alifungua kamba kiunoni, akaziweka funguo za kabati juu ya meza. Aliogopa, na hakujificha kwamba ameogopa. Alifikiria sebule iliyojaa vitambaa vya bluu, alifikiria jike la mkia mfupi ambalo saa hiyo labda lilikuwa linatafuna na kuwapa watu mgongo. Halafu akanyoosha mkono kwa karani.

"Lete kalamu, mwanangu," akasema. "Hii nimeangalia pande zote mbili. Hii nasaini."